Tulimsubiri aruke

Mhariri, swali lenu la wiki hii nimelisoma nikiwa kwenye foleni ya feri ya Kamanga: "Je, kila mtu ana ubavu wake aliopangiwa na Mungu?" Jibu fupi ni hapana. Nina miaka arobaini na mitatu, nina mke, na huyo mke nilimpata baada ya dada yake kunikataa. Mpango gani wa Mungu unaanzia nyumba ya jirani kwa kukosea mlango?

Jibu refu ni sinema. Ipo filamu ya Marekani ya mwaka 1980 inaitwa Somewhere in Time. Ilipotoka ilidoda, watu hawakwenda. Baadaye televisheni za kebo na kanda za video zikaifufua, na kuna mashabiki wake wanaokutana kila Oktoba kwenye hoteli ilimopigwa, wamevalia kama watu wa 1912. Hapa Mwanza sijakutana na mtu anayeijua, ukiacha sisi tuliokuwa kwenye kibanda kimoja cha video Kirumba, upande wa Mwaloni, nikiwa darasa la sita. Na wengi wetu tulitaka kurudishiwa hela.

Mwenye kibanda alinunua ile kanda kwa sababu ya picha ya juu. Alimwona Christopher Reeve, akamtambua kuwa ni yule wa Superman, akaandika nje kwa chaki: LEO SUPERMAN MPYA. Kiingilio shilingi hamsini. Wakaja vijana wa dagaa na magunia yao begani, wakaja wavuvi wasiokwenda ziwani kwa sababu ya mbalamwezi, tukaja na watoto. Mabenchi yakajaa hadi watu wakakalia ndoo.

Jamaa wa kutafsiri alikuwa bingwa wa filamu za ngumi. Hii ilimtesa tangu mwanzo. Bibi kizee anamfuata kijana kwenye hafla, anamwekea saa ya mfukoni mkononi, anamwambia arudi kwake, anaondoka. "Huyo bibi ni mchawi," akatafsiri. Miaka inapita, kijana anafika kwenye hoteli moja kubwa ufukweni, anaona ukutani picha ya mwigizaji wa zamani, anayeigizwa na Jane Seymour, na usingizi unamwisha. Anaamua kumfuata mwaka 1912. Anavaa suti ya kizamani, anajilaza kitandani, anajisemesha mwenyewe ili akili iamini kwamba huo mwaka ndio leo.

"Anajiandaa," akasema mtafsiri. Kibanda kizima kikanyamaza. Sasa ataruka.

Hakuruka. Aliamka 1912 na miguu yake miwili, farasi wanapita, wanawake wana kofia kama sinia za pilau. Mtu wa nyuma akauliza kwa hasira, "Mbona hana zile nguo zake?" Mtafsiri hakusita: "Zimo ndani ya suti." Hiyo ilitushikilia nusu saa nyingine. Muziki wa John Barry, ambao nilipousikia tena ukubwani ulinitoa machozi, ulitoka kwenye spika iliyochanika kama nzi ndani ya chupa. Wakabusiana, watu wakapiga miluzi. Bado hajaruka.

Halafu ile sarafu. Wamekaa wawili, wana furaha, kijana anamwonyesha binti mifuko ya suti yake kwa utani. Anatoa senti moja. Anaisoma mwaka: 1979. Basi. Akili yake inagutuka, binti anapiga kelele, naye anavutwa kurudi alikotoka kama ndoo inayovutwa kisimani. Anajaribu kurudi, hawezi. Anakaa dirishani, hali, hanywi, mpaka anakufa.

Mtafsiri aliishiwa maneno, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona hivyo. Vijana wakaanza kudai hamsini zao. Ndipo mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi mlangoni, ambaye hakulipa kiingilio na Kiingereza hakukijua, akauliza: "Kwa hiyo yule bibi wa mwanzo ndiye huyu binti?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona hilo. Akajitwisha beseni lake, akaondoka.

Ukubwani nimeitafuta, nimeiona mara nne. Ilipigwa kisiwa cha Mackinac, kwenye Ziwa Huron, ambalo ni dogo kuliko letu (nimehakikisha). Kasoro ninazo. Ile saa, kwa mfano: bibi anampa kijana, kijana anaipeleka 1912 na kuiacha kwa binti, binti anazeeka nayo na kumpa tena kijana mwaka 1972. Nani aliitengeneza? Mpelekee fundi saa wa Makoroboi hadithi hiyo uone atakavyokuangalia.

Lakini kinachonikera ni hesabu. Mwanamume amepata siku chache za mapenzi akafa kwa huzuni kwa muda mfupi. Mwanamke amesubiri miaka sitini. Ninyi mnauliza kama mwenza amepangwa. Mimi nauliza ni nani anayepangiwa kusubiri.

Mume wa yule mama wa maandazi alikwenda visiwani kuvua, na wakati ule mama alikuwa na miaka hana habari zake. Hilo nililijua baadaye. Mume alirudi, ndiyo, mguu mmoja mbovu na mfukoni hana kitu, na mama akampokea. Mama yangu alipomuuliza kwa nini, akajibu "ni wangu", akaendelea kukanda unga. Kama huyo ndiye aliyeandikiwa, basi siku hiyo kalamu ilikuwa na hasira. Ila niliwaona mara nyingi jioni, wamekaa kwenye kigoda na gunia, mzee akihesabu maandazi yaliyobaki, mama akimsahihisha. Sijui niwaweke kwenye jibu lipi.

Kama mnahesabu kura, niwekeni kwenye hapana, kwa penseli. Mke wangu, niliyemsomea haya usiku huu, anasema mniweke kwenye ndiyo. Anasema pia dada yake hakunikataa. Walikuwa wameshakubaliana wenyewe, jikoni, wiki mbili kabla sijafungua mdomo.