Kanula ilitoka usiku, dozi ikarukwa

SWALI: Habari dada nesi. Mwanangu ana miezi 9, kilo 8, alilazwa na nimonia kali wakamwanzishia sindano za antibiotiki mbili, ampi (ampisilini) na jenta (jentamisini). Usiku wa kwanza kanula (kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa) ikatoka, mkono umevimba, nikaambiwa nisubiri zamu ya asubuhi, kwa hiyo dozi ya ampi ya saa sita usiku hakupata. Siku ya tatu bado anahema haraka haraka, wakambadilishia antibiotiki nyingine, seftriaksoni, ndo akapata nafuu. Je, ile dozi ndo ilimchelewesha? Na jirani anasema jenta inaua masikio, nina hofu sana.
Mama wa mtoto mmoja, Morogoro

JIBU: Pole sana mama, usiku kama huo naujua, nimekesha nao wodini. Siwezi kukwambia dozi moja ndo iliyomchelewesha, maana kuna vimelea vimeshakuwa sugu kwa ampi hata mtoto apate dozi zote, na mtoto akimaliza siku mbili bila nafuu kubadilishiwa dawa ndo utaratibu wenyewe. Ila kumwacha mpaka asubuhi haikuwa sawa, nasema wazi. Ampi haikai mwilini, ndo maana inachomwa kila masaa 6, na hiyo ya saa sita usiku ndo inarukwa sana sababu unakuta nesi mmoja na wodi imejaa. Lakini kanula ikikataa sio mwisho, ampi na jenta zote zinachomwa kwenye msuli wa paja wakati mshipa unatafutwa, kwa hiyo siku nyingine muamshe nesi, muombe hivyo hivyo.

Jirani hajakudanganya, jenta inaweza kugusa masikio na figo, ila hatari inapanda dozi ikizidi, siku zikiwa nyingi au figo zikiwa na shida tayari. Dozi yake ni miligramu 7.5 kwa kila kilo mara moja kwa siku, kwa hiyo mwanao ni 60, na kichupa kina 80 kwenye mililita 2, yaani anavutiwa mililita 1.5 tu, sasa hebu fikiria kilo 8 ziandikwe 18 kwenye faili, mtoto anachomwa zaidi ya mara mbili! Mimi nawaambia wamama simama pale kwenye mzani, soma mwenyewe, uliza "nesi umeandika kilo ngapi?"

Kwa sasa muite jina ukiwa nyuma yake asikuone, asipogeuka mara kadhaa mpeleke akapimwe masikio.