Kukodisha studio ya foto: masaa ya mlango wazi si masaa ya kuuza

SWALI: Jambo yaya. Nafungua studio ya foto huku Bel-Air, Lubumbashi, nataka niikodishe kwa saa kwa wapiga picha wenzangu. Nyumba nalipa dola 350 kwa mwezi. Vyombo (flashi tatu, trepye za kusimamishia taa, softboksi za kulainisha mwanga, fon za karatasi za kuweka nyuma ya mtu) vimekula karibu dola 3,600, pesa ya likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu) na ingine ya kaka yangu. Studio iko barabara ya nyuma wanaomba dola 8 kwa saa. Kuna kocha moja wa WhatsApp nilimlipa akanitumia lista ya bei, anasema nianze na 5 ili nivute makliya, kisha nipandishe pole pole. Nimegawanya gharama zangu kwa masaa ya mwezi mzima naona 5 inatosha. Niko sawa?

JIBU: Hapana mdogo wangu, hauko sawa, na afadhali umeuliza mbele ya kubandika hiyo bei ukutani. Namba zako umezigawanya vizuri, shida iko kwenye masaa, na hili jambo naliona karibu kwa kila kijana anayeniandikia juu ya kukodisha studio mpaka inaniuma.

Tuweke kila kitu mezani. Nyumba 350. Zamu wa usiku tuseme 80, kijana wa kukusaidia kubeba na kusafisha 120, intaneti 40, umeme pamoja na esansi ya grupe (jenereta) 90, matengenezo 40. Vyombo vya 3,600 ukivipa miaka mitatu ya kufanya kazi ni 100 kila mwezi, hiyo usiisahau juu flashi inazeeka hata kama bado inawaka. Na wewe mwenyewe lazima ule, weka 300. Jumla ni 1,120. Sasa ukifungua siku 26, masaa 9 kwa siku, unapata masaa 234, unagawanya, inatoka dola 4 na senti 80 hivi, unasema haya, 5 inatosha na kitu kidogo kinabaki.

Lakini hayo masaa 234 ni ya mlango kuwa wazi, hakuna mtu ameyanunua! Nani atakuja kukodisha studio Jumatatu saa tatu ya asubuhi? Jumamosi watu wote wanataka masaa yale yale juu ya ndoa, wiki za kollasio (sherehe za kumaliza masomo) za wanafunzi unakataa watu, halafu zinafuata wiki mbili unaangalia simu tu. Septemba na Oktoba jakaranda zikichanua kila bibi arusi anataka kupigwa nje chini ya maua, mvua ya Novemba ikianza ndio wanakimbilia ndani. Na siku SNEL, kampuni ya umeme, imekata na grupe imekataa, hiyo siku nayo umeishaihesabu kama umeuza.

Studio mpya ikiuza robo ya masaa yake mwaka wa kwanza mimi naona mwenye nayo anajituma. Robo ya 234 hatufiki hata 60, tuseme 56. Gawanya tena 1,120 kwa 56: dola 20. Hiyo ndio gharama yako ya saa moja, bado haujapata faida hata senti. Ukiomba 5, masaa 56 yanakupa 280, pesa ya nyumba peke yake haitoshi. Ukiomba 8 kama jirani unapata 448, unalipa nyumba na zamu, unabaki na dola 18 mkononi, na kijana wako wa kazi anakungojea mlangoni.

Utaniuliza sasa yule jirani anaishi namna gani na 8? Sijui, na wewe haujui, na hapo ndipo watu mingi wanaanguka. Pengine nyumba ni ya baba yake. Pengine yeye mwenyewe ndiye anapiga ndoa zote, kukodisha ni kitu cha kando, au vyombo vyake viliisha kulipwa zamani. Au anakufa pole pole na bado hajajua. Bei yake imetoka kwenye daftari lake, wewe unaitoa hapo unaibandika juu ya gharama zako halafu unashangaa haziingiliani.

Najua 20 itaogopesha watu huku kwetu, kwa hiyo ongeza masaa yanayolipa badala ya kukimbilia kushusha bei. Wewe pia ni mpiga picha, si ndio? Kila ukipiga kazi yako ndani ya studio, andika hayo masaa na toa pesa yake kwenye ile kazi uweke kwenye sanduku la studio, kama mgeni yeyote. Ukitumia masaa 24 kwa mwezi unakuwa na 80 yanayolipa, na 1,120 kwa 80 ni 14. Hapo unaweza kusimama: saa moja 15, nusu siku ya masaa manne 56, na chini ya 14 usishuke hata kwa binamu. Usiuze saa moja peke yake, anzia mbili, juu mtu wa saa moja anatumia dakika ishirini kupanga taa, kisha anaanza kukubembeleza umwongezee. Masaa yahesabiwe toka anaingia mpaka anatoka na vitu vyake, kupanga na kufagia iko ndani.

Karatasi ya fon iwe na bei yake kando, hiyo usicheze nayo. Rulo kubwa iko na upana wa mita 2.72 na urefu wa mita 11. Bibi arusi anaingia na kiatu kirefu, kisigino kinatoboa, vumbi nyekundu ya kiangazi iko chini ya viatu vya wasimamizi wote, poda inadondoka, wakimaliza unakata mita moja na nusu unatupa. Piga hesabu: makliya saba na rulo imeisha. Chukua bei ya rulo ikiwa imeishafika kwako, na usafiri na pesa za mpaka wa Kasumbalesa ndani, gawanya kwa 11, kila mita anayokanyaga mtu alipe. Anayepiga sura tu, kiti kikiwa mbele ya karatasi na hakuna wa kuikanyaga, huyo usimlipishe.

Kuna wengine wanaweka eti pesa ya umeme kwa kila flashi. Flashi ya joule 400 ikiwaka mara 500, hiyo ni joule 200,000, hata kilowati-saa 0.06 haifiki, zidisha mara mbili kwa ile inayopotea bado ni kidogo sana. Klima ya kilowati moja na nusu kwa masaa manne inakula kilowati-saa 6. Kwa hiyo anayetaka klima alipe klima, na siku ya grupe esansi iandikwe kando. Flashi inaua pesa kwa njia ingine: umeme unaoruka ruka unachoma bodi ya ndani, kwa hiyo nunua stabilizata mbele ya kununua taa ya nne.

Bei iandike kwa dola, na anayelipa franka alipe kwa kiwango cha siku ile ile, kiandike ubaoni asubuhi. Avansi chukua nusu ya bei, siku ile mtu anaposhika nafasi. Na garanti ya vyombo uipokee mbele ya kufungua sanduku la taa, shika kila noti mwangani, angalia kona zote, juu unajua vizuri dola ikipasuka kidogo tu hapa hakuna anayeipokea, kesho itabaki mkononi mwako.

Sasa huyo kocha. Mtu anayeuza lista moja ya bei kwa Lubumbashi, Kolwezi, Goma na Kinshasa, hajakuuliza unalipa nyumba ngapi, hajakuuliza unauza masaa ngapi, huyo hajui kitu juu ya studio yako na amekula pesa yako bure. Mama anayepika bukari sokoni anajua gunia lake la unga linatoa sahani ngapi, hamwulizi jirani. Na lile neno la "anza chini kisha upandishe" ndio linanikasirisha zaidi. Watu waliokuja juu ya 5 walikuja juu ya 5 tu. Wanaingia kumi na mbili ndani ya saa moja, wanavunja mguu wa trepye, na siku ukisema 10 wanaenda kwa mwingine aliyefungua jana na lista ile ile. Wewe unabaki na vyombo vimechoka na jina la studio ya bei ya chini, na wale wapiga picha wa kweli, wenye kulipa bila kelele, hawakukanyaga hata siku moja juu waliogopa ile bei.

Nawaambia na wengine mnaosoma, wa kukodisha baffle za muziki, viti na hema za sherehe, mashini za kuchapa, ni ugonjwa ule ule. Mtu anatoa pesa ya likelemba, ananunua vyombo, anafuata bei ya barabara, hajilipi yeye mwenyewe, haweki hata dola ya kununua kingine, miezi ya kwanza anaona pesa inaingia anafurahi. Siku flashi tube inaungua ndio anagundua kila mwezi alikuwa anauza vyombo vyake kipande kwa kipande. Na wenzake wa likelemba bado wanangoja zamu yao.

Kwa hiyo msinitumie tena picha za lista kuniuliza kama ni nzuri. Mdogo wangu, wewe fungua na 15, shika daftari miezi mitatu, andika masaa uliyouza kweli, uliyotumia wewe, na ya wale walioingia kwa urafiki bila kulipa, hayo weka kwenye ukurasa wake. Kisha nitumie, tutagawanya pamoja.