Mpe Kitabu Kimoja kwa Mwaka

Ukitaka mdogo wako au mwanao aupende mfululizo wa Harry Potter, hadithi za mvulana yatima anayesoma shule ya uchawi, usimkabidhi vitabu vyote saba kwa mkupuo. Mpe kimoja, mwaka upite, mpe kingine. Ndivyo nilivyovipata mimi hapa Dodoma. Dada yangu alikuwa anasoma Dar es Salaam, na kila akija likizo ya Desemba aliniletea kimoja, kikuukuu, alichonunua kwa wauza vitabu wa barabarani.

Harry anaanza akiwa na miaka 11, anamaliza akiwa na 17. Kitabu cha kwanza, cha mwaka 1997, ni chembamba na kina furaha ya kitoto. Cha tano, cha mwaka 2003, ndicho kinene kuliko vyote, na kimejaa hasira za kijana anayeona wakubwa hawamsikilizi. Mtoto akikisoma hicho wiki mbili tu baada ya cha kwanza, ataifuata hadithi vizuri, lakini hasira ile haitamgusa kwa sababu hajaifikia.

Kwa watoto waliosoma shule za msingi za Kiswahili, wakati mzuri wa kuanza ni ile miezi baada ya mtihani wa darasa la saba, wanaposubiri kidato cha kwanza. Harry naye anapokea barua ya kujiunga na shule ya bweni, ana orodha ya mahitaji, anafungasha sanduku na kupanda treni. Mtoto wa Makole au Chang'ombe anayenunuliwa tranka na ndoo hahitaji kufafanuliwa. Mimi na dada tulifurahi sana kuona kwamba shule ile inawakataza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuja na fagio, ambazo kule hupandwa na kuruka angani, wakati sisi bila fagio hupokelewi getini!

Kiingereza kisimtishe. Msomee sura ya kwanza kwa sauti, kisha mwachie. Asifungue kamusi kila mstari. Atafute yale maneno yanayojirudia tu. Mengine mwandishi, J. K. Rowling, ameyabuni mwenyewe.

Kuna jambo la uchawi, na hili usilikwepe. Kwetu uchawi si mchezo wa vitabuni. Umevunja ndugu na majirani. Mama yangu ni Mwanglikana wa kanisa kila Jumapili, na alipoona jalada aliuliza kwa ukali, “Hiki ni kitabu gani?” Dada hakubishana naye. Alikaa jikoni akamsimulia kwa Kiswahili hadi mwisho, pale mwalimu mkuu anapomweleza Harry kwamba mama yake alikufa akimkinga, na upendo ule ndio uliobaki mwilini mwake kama ulinzi. Mama alisikiliza akichambua mboga. Tangu siku hiyo alikuwa anauliza yule yatima amefikia wapi. Kwa hiyo mzazi akiwa na wasiwasi, msimulie. Ana haki ya kujua kinachosomwa nyumbani kwake.

Kitabu cha tano nilikipata mwaka aliofariki babu. Nilikuwa kando ya kitanda chake alipokata roho. Humo kuna wanyama mfano wa farasi, wamekonda, wana mabawa, ndio wanaovuta magari ya shule. Harry anawaona kwa mara ya kwanza, wenzake wengi hawaoni kitu, na anakuja kuelewa kwamba huonekana kwa aliyeshuhudia kifo tu. Nilifunga kitabu nikalia. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba baada ya msiba mtu huona vitu ambavyo rafiki zake hawavioni. Ningekisoma mapema, wale wangekuwa farasi wa ajabu tu.

Ndiyo maana nashikilia suala la kusubiri. Mdogo wetu wa mwisho anasoma hivi sasa kwa mpango huo. Analalamika, na vitabu vinavyofuata vimefungiwa kabatini kwa mama.

Katikati ya mwaka asikae mikono mitupu. Mwazimie maktaba ya mkoa vitabu vya Shaaban Robert: Kusadikika, nchi inayoelea angani, au Adili na Nduguze, ambamo kijana analazimika kuwachapa kila usiku nyani wawili ambao ni kaka zake. Ni vifupi, na lugha yake inasomeka vizuri kwa sauti. Wa kwetu alianza na Adili, na kwa sasa anadai asomewe tena ile sehemu ya nyani.