Kitabu cha Karatasi au Kishikwambi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Wazazi wamechanga fedha kwa ajili ya maktaba ya shule yetu, na sasa tumegawanyika. Walimu vijana wanataka tununue vishikwambi, kwa hoja kwamba kimoja hubeba mamia ya vitabu. Mimi napendelea vitabu vya karatasi, lakini nikiulizwa sababu nasema tu kwamba navielewa zaidi. Je, haya ni mazoea ya umri wangu, au ipo hoja ya kweli? — Mwalimu, Kongwa

JIBU: Mwalimu, hoja ipo, tena ina ushahidi. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado wa Hispania walichapisha uchambuzi wa tafiti 54 zilizofanywa kati ya mwaka 2000 na 2017, ambazo kwa jumla zilihusisha watu zaidi ya 170,000, wakakuta kwamba waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi kuliko waliosoma kwenye skrini. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ilijitokeza katika maandishi ya maarifa, na ilikuwa kubwa zaidi pale wasomaji walipobanwa na muda. Katika hadithi tupu haikuonekana. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa baiolojia anasoma maarifa, na anabanwa na muda. Jambo lingine la kuwaeleza wenzako ni kwamba tofauti hiyo iliongezeka kadiri miaka ilivyokwenda, kwa hiyo dai kwamba kizazi cha simu kitaizoea skrini na kuielewa sawasawa halijathibitika.

Sababu mojawapo ni kwamba msomaji wa skrini hujiamini kupita kiasi: hupitisha macho haraka, akadhani ameelewa, akaacha kurudia. Nyingine ni kwamba kitabu cha karatasi humpa msomaji alama za kumwongoza. Kwa kuona na kugusa anajua kwamba mchoro ule ulikuwa ukurasa wa kushoto, chini, karibu na katikati ya kitabu. Anne Mangen wa Norway na wenzake waliwapa watu 50 hadithi moja ndefu, nusu yao wakaisoma kwenye kitabu na nusu kwenye Kindle, kifaa cha kampuni ya Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki. Katika maswali mengi walilingana, lakini waliosoma kitabu walikumbuka vizuri zaidi mfuatano wa matukio. Kwa mwanafunzi wa historia, kupoteza mfuatano ni kupoteza somo lenyewe.

Hata hivyo, ni vyema mkiwa kikaoni mtenganishe skrini na skrini. Kishikwambi hutoa mwanga wake chenyewe, hufifia juani, na huhitaji chaji mara kwa mara. Kindle na vifaa vya aina yake hutumia wino wa kielektroniki: chini ya kioo kuna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi, ambazo umeme huzisogeza juu au chini ili kuunda herufi, na zikishatulia hazihitaji umeme hadi ukurasa ugeuzwe. Ndiyo maana chaji moja hudumu kwa wiki kadhaa, na maandishi husomeka vizuri hata nje katika jua la mchana la Dodoma. Kwa mpenzi wa riwaya anayesafiri, mimi nakisifu kifaa hicho bila kusita.

Wenzako nao wana hoja zao, na haifai kuzipuuza. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu anaweza kukuza herufi, jambo ambalo kitabu hakimpi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu. Ikiwa shuleni kwenu vilifika, mnaweza kuitumia maktaba hiyo bila kugusa mchango wa wazazi, mkiwa na bando. Nawasihi tu msijaze vifaa hivyo nakala laini zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp bila idhini, kwa sababu mwandishi wa Kitanzania anaishi kwa mauzo machache mno.

Lipo pia suala la umiliki. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta kutoka kwenye Kindle za wateja vitabu vya George Orwell walivyokwisha kuvilipia, baada ya kubainika kwamba aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu viliondoka mikononi mwao bila kuulizwa. Shule ikinunua kitabu cha karatasi kihalali, hakuna wa kukifuta kutoka mbali.

Kwa hiyo, fedha za wazazi nunueni vitabu vya karatasi: kwanza vya kiada katika masomo ambayo wanafunzi wengi hugombania nakala moja, kisha kamusi. Bakizeni fungu la rafu za chuma, kwani huko kwetu mchwa humaliza kitabu kuanzia nyuma kabla hamjajua. Zisimamisheni mbali kidogo na ukuta, na mkague miguu yake kila wiki, hasa mvua za Desemba zinapoanza.