Gari la kuvuta tela la kulala: anzia kwenye mizani, malizia uvunguni

Mkuu, umesema tela lako umechongewa na fundi wa kuchomelea, limekaa juu ya ekseli ya Hiace ya zamani, ndani kuna kitanda cha wawili, tangi la maji na jiko la gesi. Una milioni 35, umekwama kati ya RAV4, Prado yenye injini ya 1KZ na Land Rover 110, na unataka kufika Lushoto, Ruaha mpaka Matema. Mimi navuta tela la namna hiyohiyo nikitokea Morogoro, na njia hizo nazijua. Nitakwambia ninavyoona.

Kabla hujaanza kuzungushwa na madalali, lipime tela. Fundi atakwambia "hilo halifiki kilo mia tano", lakini vyuma vya pembe, marine board na mabati uzito wake unajikusanya bila mtu kuuona. Lita 100 za maji peke yake ni kilo 100. Weka mtungi wa gesi, betri ya sola, friji, tairi la akiba na madumu ya dizeli, umeshafika mbali. Nenda kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu au ya ghala la mazao, ulipime likiwa limepakiwa vilevile unavyosafiri nalo. Kisha pima pua peke yake, yaani ncha ya mbele ya tela inayokaa kwenye ndoano ya gari, kwa mzani wa magunia. Pua ibebe kama asilimia 10 ya uzito wote. Ikiwa nyepesi sana, tela litaanza kuyumba ukikaribia mwendo wa 80, na likishaanza linautupa mkia wa gari huku na huku mpaka upunguze mwendo taratibu bila kukanyaga breki kwa pupa. Mara nyingi chanzo ni tangi la maji, maana mafundi huliweka nyuma kabisa kwa kuwa ndiko kwenye nafasi. Lihamishie juu ya ekseli au mbele yake kidogo.

Ulaya tela likizidi kilo 750 linatakiwa liwe na breki zake lenyewe. Ningekuomba ukifuate kipimo hicho hata kama trafiki hatakuuliza, kwa sababu safari yako ina milima, na gari la tani mbili linaloteremka na tani moja isiyo na breki ni hatari kwako na kwa wa mbele yako.

Baada ya hapo RAV4 iondoe kwenye orodha. Ni gari zuri la familia, lakini halina chasisi ya kujitegemea wala gia nzito ya 4L, ile ya kwenda polepole kwa nguvu nyingi, na ukitaka kutoka mchangani au kurudisha tela kinyumenyume kwenye mwinuko, gia hiyo ndiyo utakayoililia.

Prado ya 1KZ ndiyo ningeinunua kwa pesa yako, ila kwa macho makali. Injini ni dizeli ya lita 3 yenye turbo, inavuta vizuri, spea zipo kila mji na fundi yeyote anaijua. Udhaifu wake ni silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda za injini. Ikichemsha, hedi inapasuka, na wengi huziuza zikiwa tayari zina ufa mdogo usioonekana katika mzunguko wa mjini. Kwa hiyo mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti na kwenye rejeta. Ukikuta ni vya moto, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta mwenyewe, waambie wawashe, utazame maji. Mapovu machache ya mwanzo si neno, hewa inatoka. Yakiendelea mfululizo kila ukikanyaga mafuta, hiyo ni kompresheni, yaani hewa ya moto ya ndani ya silinda, inapita kwenye maji. Funga mfuniko, acha injini iungurume dakika chache, kisha uminye paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu kabla maji hayajapata moto, ondoka. Angalia na mfuniko wa oili kwa ndani: ute wa rangi ya chai ya maziwa maana yake maji na oili vimekutana.

Geji ya joto kwenye dashibodi usiitegemee sana. Sindano hukaa katikati muda mrefu, na ikianza kupanda umeshachelewa. Fungisha geji ya pembeni inayosoma nyuzi halisi, halafu ukiwa unapanda mlima wa Kitonga na tela utaona kwa macho yako jinsi joto linavyojijenga ukikaa nyuma ya lori. Kama ni gia otomatiki, zima overdrive, ile gia ya juu ya mwendo kasi, tangu Ruaha Mbuyuni kabla ya mlima na uongeze rejeta ndogo ya kupoza oili ya gia, maana otomatiki nyingi hufa kwa joto hilo. Wakati wa kurudi, teremka na gia ileile ambayo ungepandia. Breki ziwe za kupunguza tu, si za kushikilia gari mlima mzima.

Land Rover 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi siikatai. Ina nguvu farasi 111 tu, utapanda polepole, ila inatengenezeka porini na Arusha mafundi wake wamejaa. Kinachodanganya watu ni bodi. Ni ya alumini, inang'aa bila kutu, huku chasisi ya chuma chini yake ikiwa imekwisha. Ingia uvunguni na nyundo ndogo, ugonge taratibu kuanzia mbele hadi boriti ya mwisho ya nyuma, ile ambayo ndoano ya tela itafungwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu na maganda yanadondoka. Ukiona rangi nyeusi nzito imepakwa juzi, kwaruza. Prado nayo ipige hivyohivyo, hasa iliyoishi Dar au Tanga, chumvi ya bahari haibagui.

Injini zote mbili hizo zina mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Kwenye Prado taa ya T-BELT huwaka kila kilomita 100,000, na wapo wanaoizima bila kubadili mkanda. Ubadili ukishanunua, usisikilize maneno.

Katika hiyo 35, tenga kama 6 usiiguse mezani: mkanda, thamostati, paipu za maji, oili zote, springi za nyuma na ndoano iliyofungwa kwa bolti kwenye chasisi, si kwenye bampa.

Mwisho ni kadi. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, na uhakiki madeni ya trafiki na ya maegesho kabla ya kulipa. Tela nalo lisajiliwe liwe na namba yake. Ukishalipima, nitajie uzito hapa, tuone kama Prado inatosha au utafute Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ.