Tulibana siku ili tuokoe pesa: safari ya maporomoko ya Sanje

Kosa letu tulilifanya Mombasa, wiki tatu kabla ya safari, tukiwa tumezunguka karatasi moja yenye hesabu za nauli. Tulikuwa marafiki watano, hakuna mwenye pesa za kuchezea, na tulitaka kwenda kuyaona maporomoko ya Sanje katika Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro, Tanzania. Jumla ikazidi uwezo wetu. Mmoja akauliza, "Tukitoa usiku mmoja je?" Tukautoa. Sote tuliafiki, na mimi nilikuwa wa kwanza. Ndiyo maana leo mtu akiniambia anapanga safari kama ile, namwambia: bana malazi, bana chakula, panda basi la bei nafuu, lakini siku usizibane.

Nieleze kwanza kwa nini Udzungwa. Mimi ni mzaliwa wa Taita. Milima yetu ndiyo ncha ya kaskazini ya safu iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia kwetu, ikapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru, ikaishia Udzungwa. Ni milima mikongwe inayokinga unyevu wa Bahari ya Hindi, na misitu yake ina wanyama na mimea ambayo huipati kwingine duniani. Kwetu msitu wa asili umebaki vipande tu: Ngangao, Mbololo, Chawia na vingine vidogo. Nimekua nikiviona vikizungukwa na mashamba. Nilitaka kuona ndugu yake aliye mzima, kwa sababu upande wa mashariki wa Udzungwa, kwenye msitu wa Mwanihana, miti inapanda bila kukatika kutoka mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000.

Njia ya mtu wa Mombasa si ngumu. Basi hadi Lunga Lunga, unavuka Horohoro, unapita Tanga hadi Dar es Salaam. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano; sisi tuliulizwa vyote viwili. Dar tulilala kwa shangazi wa mmoja wetu, na hapo tuliokoa pesa nyingi kuliko popote. Ukiwa na jamaa njiani mpigie mapema, usimshtukize, wala usiende mikono mitupu. Sisi tulimpelekea halua ya Mombasa, naye akatufungia maandazi ya njiani.

Kutoka Dar tulipanda treni ya SGR hadi Morogoro, tukaenda stendi ya Msamvu kutafuta basi la Ifakara. Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo kaa dirishani: twiga na swala tuliwaona bila kulipa senti. Ukifika mji wa Mikumi basi linaacha barabara kuu na kushika ya Kidatu. Hapo milima inaanza kujitokeza upande wa kulia, na upande wa kushoto ni miwa mpaka macho yanachoka.

Basi letu liliharibika kabla ya Kidatu. Tulikaa juani kwa muda wa karibu saa tatu. Tulipofika Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ilikuwa imeshapita saa tisa alasiri, na kwa ile karatasi yetu tulipaswa tuwe tumeshapanda na kushuka. Tiketi za kurudi tulikuwa tumekata za asubuhi iliyofuata.

Tukaanza kumsihi kiongozi wa msituni. "Kaka, tutakwenda mbio. Sisi ni vijana." Alitusikiliza hadi mwisho, akasema, "Jamani, mzunguko wa Sanje ni saa nne kwa mtu anayetembea vizuri. Msitu unaingia giza kabla ya kijiji. Na hii njia tembo nao wanaitumia." Tukamwongezea maneno, tukamtajia tiketi. Hakubadilika. Nakiri nilikasirika sana, na mwenzetu mmoja alimjibu kwa ukali ambao baadaye alimwomba radhi.

Usiku ule mvua ilinyesha. Tulikuwa mwanzoni mwa Juni, masika yakielekea ukingoni, na kwenye gesti tulisikia mabati yakipigwa kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka usiku wa manane. Nililala nikifikiria ile njia ambayo nilikuwa sijaiona bado, na mwalimu aliyekuwa nasi, ambaye ana goti bovu, akiteremka juu yake gizani. Sikulala sana.

Asubuhi tulianza mapema, tukaenda kijiji cha Sanje, kama kilomita kumi kaskazini mwa Mang'ula, ambako njia ya maporomoko inaanzia. Ndani ya hifadhi hii hakuna barabara za magari. Kila kitu ni kwa miguu. Na hapa kuna habari njema kwa mwenye mfuko mwembamba: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, kiwango cha chini sana kuliko anacholipa mgeni wa ng'ambo, mradi uonyeshe kitambulisho. Ada ya kiongozi tuliigawa watano. Malipo hayapokewi kwa noti mkononi: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Kwa hiyo nunua laini ya Tanzania mapema, na pasipoti uwe nayo maana ndiyo wanayosajilia.

Kuhusu pesa za kundi, kila asubuhi tuliweka kiasi sawa kwenye kibeti kimoja, akakishika mtu mmoja, na nauli na chakula vikatoka humo. Hatukugombana hata mara moja juu ya nani alinunua maji. Ila mshika kibeti msimbadilishe kila siku, mtapoteza hesabu.

Njia inapanda tangu mwanzo. Kiongozi alimweka mwalimu mbele, yeye mwenyewe nyuma yake, sisi tukafuata. Sikuwa nimewahi kuona hivyo. Kwetu aliye dhaifu hukokota nyuma, akiwafikia wenzake ndipo nao wanainuka kuondoka, yeye hapumziki kabisa. Kwa mpangilio ule mwendo ulikuwa wake, na tulifika juu pamoja. Njiani tulipita kinyesi cha tembo kikiwa bado kibichi. Hakuna aliyezungumza tena habari za jana.

Mahali fulani kiongozi aliinua mkono, tukasimama. Kwa mbali juu ya miti ilisikika sauti kama mtu anayeita kisha anagugumia. "N'golaga," akasema. Huyo ni aina ya kima ambaye wataalamu wa sayansi walimtambua 1979 tu, wakampa jina la Sanje, kijiji kile tulichotokea. Wenyeji walikuwa wakimjua kwa jina lake siku zote. Haishi popote nje ya Udzungwa. Mbega wekundu tuliwaona waziwazi, kundi zima likiruka juu ya vichwa vyetu. Peke yetu tungewapita wote tukitazama miguu yetu tu. Kiongozi usimhesabu kuwa gharama ya kulazimishwa.

Maporomoko yenyewe yana jumla ya mita 170, yakishuka kwa ngazi tatu. Kabla ya kuyaona unayasikia kifuani, halafu upepo wa baridi unakupiga uso ukiwa umejaa maji. Kuna mahali unatoka kwenye miti ghafla na bonde lote la Kilombero limelala chini yako, miwa na mpunga hadi upeo wa macho. Mwalimu alikaa chini akalia. Mimi nilifikiria Chawia, na sikuweza kusema kitu.

Kuna vidimbwi vya kuogelea, maji baridi na safi. Oga pale tu kiongozi atakapokuonyesha, na usisogelee mdomo wa maporomoko hata kama jiwe linaonekana kavu. Mwenzetu mmoja alivaa raba zilizolika soli, kwa kuwa hakutaka kununua nyingine kwa safari moja. Aliteleza kando ya kidimbwi, akaangukia mkono, kiwiko kikavimba. Kiongozi akaomba leso yangu, yaani kanga, akamtengenezea kitanzi cha kuning'iniza mkono, tukateremka polepole. Viatu vya mtumba vyenye meno ya kushika tope vinapatikana soko la Kongowea, Mombasa, kwa bei ya chini, tafuta hivyo. Leso nayo usiiache nyumbani: nimeikalia, nimejifutia maji, nimefungia ndizi, na siku ile ikawa bandeji.

Chakula cha njiani tulinunua soko la Mang'ula: ndizi, karanga na mihogo ya kuchemsha. Kinatosha. Wanyama usiwape hata ganda, na takataka zako rudi nazo.

Tiketi za kurudi zilipotea bure zote tano. Tulikata nyingine Morogoro, na tulipopiga hesabu, hasara ilikuwa kubwa kuliko bei ya ule usiku tuliouondoa kwenye karatasi. Tangu hapo nina kanuni moja: safari ya msituni uwe na siku moja tupu, isiyo na kazi yoyote, na tiketi ya kurudi usiikate mpaka umeshuka mlimani. Basi likiharibika, siku hiyo italibeba. Lisipoharibika, mtaamka mkatembee hadi maporomoko madogo ya Prince Bernhard, karibu na lango la Mang'ula, mkae huko mchana kutwa.

Mwakani tunataka kupanda kilele cha Mwanihana: kilomita 38, siku tatu, kulala msituni mara mbili. Mwenzetu wa kiwiko amekwisha kununua viatu. Juzi tulikaa tena na karatasi, na mwalimu ndiye aliyeshika kalamu. Ameandika siku kwanza, saba kamili. Safu ya pesa bado haina kitu. Tuna miezi kumi ya kuijaza.