Wateja wa kwanza wa fundi umeme aliyeanza kujitegemea
Sheikh, anza kwa waashi na wauza vifaa vya umeme pale Darajani, mjini Unguja, tangazo baadaye. Nyumba ikifika lenta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, mwashi ndiye anayeulizwa na mwenye nyumba, "Fundi wa umeme tumwite nani?" Mie wangu wa mwanzo niliwapata hivyo, huko Fuoni. Jitambulishe mapema, kabla ukuta haujapigwa plasta, maana paipu za waya hutangulia; ukichelewa utakuta mwenzio keshachimba. Nyumba za wageni za pwani, kama Paje na Nungwi, zina kazi zisizokwisha: hewa ya chumvi inakula soketi na taa za nje. Ila mita usiiguse hata ukibembelezwa vipi, hiyo ni ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar.